Kuchagua Pampu ya Gari la Kuoshea Magari: Mwongozo Kamili kwa Arusha na Moshi

Malalamiko yanafanana. Mtu amenunua mashine iliyoandikwa bar 150 (bar ni kipimo cha presha), ameipakia kwenye Noah pamoja na tangi na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 220), na kabla gari la pili halijaisha betri imezima. Mwingine pampu yake inanguruma vizuri ila bunduki inatema maji kwa kukatakata. Wa tatu mashine yake ni nzima kabisa, lakini tope la Land Cruiser iliyotoka porini halibanduki.

Karibu wote hawa walianza kwa kununua pampu. Pampu ndiyo inayochaguliwa mwisho. Kwanza ijue kazi, kisha maji ambayo gari lako linaweza kubeba, kisha nguvu utakayoiendeshea. Ukishayajua hayo matatu, dukani unabaki na pampu mbili au tatu tu za kubishania bei.

Mwongozo huu ni wa gari linalomfuata mteja alipo: Hiace, Townace, Noah iliyotolewa viti, au kirikuu. Kama una kiwanja chenye bomba na umeme wa TANESCO, mengi ya hapa hayakuhusu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tangi la plastiki lenye mfuniko mpana, mkono upite ndani kusafisha
- Mpira wa kuvutia wenye waya wa kuzungushia, inchi 3/4 au inchi 1 (mpira laini wa bustani hujikunja ukivutwa)
- Chujio lenye kikombe cha kuona ndani, na valvu ya kufungia maji
- Mpira wa presha wa mita 15 hadi 20, bunduki, na nozeli za aina tofauti
- Klipu za chuma, tepu ya bomba, spana
- Mikanda ya kukazia mizigo, ile yenye mkono wa kukaza
- Ndoo ya lita 20 na simu yenye saa na kikokotoo
- Kwa pampu ya betri: waya wa milimita za mraba 4 au 6, fyuzi na kishikio chake, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo)
- Kwa mashine ya volti 220: kikata umeme cha kulinda mtu, cha miliampea 30
- Kwa injini ya petroli: mtungi wa kuzimia moto, uwe karibu na mlango

Pampu haimo kwenye orodha kwa makusudi. Inakuja hatua ya tano.

## Hatua ya 1: Taja unachoosha

Presha hubandua uchafu, wingi wa maji huubeba. Watu wengi wanaijua presha tu, ndiyo maana wanaishia na mashine inayochora mstari mwembamba msafi kwenye tope huku tope lenyewe limebaki palepale.

Bodaboda, magari madogo ya mjini (saluni), vioo, na vumbi la kiangazi: bar 5 hadi 7 pamoja na sabuni na sponji zinatosha. Vumbi laini la barabara za porini linatisha kwa macho, lakini maji mengi ya presha ndogo hulishusha lote.

Tope la kawaida la masika kwenye milango na matairi: bar 25 hadi 40.

Udongo mweusi uliokaukia chini ya chesisi ya gari la utalii: bar 80 hadi 120, na bado utahitaji kuulowesha kwanza na kusubiri. Zaidi ya hapo kwenye rangi ya gari la mtu ni kutafuta kesi.

Wateja wako wakiwa wa nyumba kwa nyumba, tuseme Njiro, Sakina au Shanty Town ya Moshi, kundi la kwanza na la pili linakutosha mwaka mzima. Ukilenga yadi za kampuni za utalii, jipange kwa kundi la tatu. Usinunue ya kundi la tatu kwa sababu ya mteja mmoja anayekuja msimu wa mvua.

Utajua umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja gari gani, uchafu gani, na mangapi kwa siku.

## Hatua ya 2: Pima maji kwa kilo kabla ya lita

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 500 likijaa ni nusu tani, na bado hujaweka mashine, mafuta, ndoo na msaidizi wako.

Kirikuu za Japani za injini ndogo ya cc 660 zimepangiwa mzigo wa kilo 350 kisheria kwao. Toa mashine, mpira, vifaa na mtu wa pembeni, unabaki na lita 200. Noah ni gari la abiria, springi zake ni laini. Mimi siipi zaidi ya lita 300. Hiace ya mizigo inabeba zaidi, ila angalia uzito ulioandikwa kwenye kadi ya gari lako na usifuate ya jirani.

Sasa hesabu matumizi. Kinachohesabiwa ni dakika ambazo bunduki iko wazi, kwa sababu muda wa kusugua haumalizi maji. Saluni ikichukua dakika 8 za bunduki kwa lita 8 kwa dakika, ni lita 64. Land Cruiser yenye tope, dakika 15 kwa lita 10, ni lita 150. Kwa hiyo lita 300 ni saluni nne hivi, au Land Cruiser mbili. Kama hesabu yako ya siku ni magari kumi, tatizo lako ni mahali pa kujazia tangi, na pampu haitakusaidia hapo. Elewana na mteja mapema kama bomba lake litatumika na nani analipia maji, maana siku ya mgao ndiyo siku wote mnalitaka bomba hilohilo.

Tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa pomoni, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia. Ukikanyaga breki ukishuka kutoka Ilboru au Kibosho, kilo mia na hamsini zinakuja mbele zote kwa pamoja. Matangi mawili ya lita 150 yaliyounganishwa kwa bomba lenye valvu ni bora kuliko moja la 300: safarini funga valvu, ukifika fungua. Yakae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na mikanda ishike chuma cha bodi. Usiifunge kwenye mbao za sakafu.

Utajua umefaulu: tangi likiwa limejaa, gari halijakaa chini kwa nyuma, usukani haujawa mwepesi, na breki ya ghafla kwenye uwanja mtupu haisogezi tangi hata kidole.

## Hatua ya 3: Hesabu ya kukamata uongo wa boksi

Hii ndiyo hatua itakayokuokolea pesa nyingi kuliko zote. Nguvu inayohitajika kusukuma maji hupatikana hivi:

bar × lita kwa dakika ÷ 600 = kilowati

Hiyo ni nguvu inayobaki kwenye maji tu. Pampu na mota hupoteza nyingine njiani, kwa hiyo umeme unaoingia lazima uwe mkubwa zaidi, mara nyingi kwa nusu au zaidi.

Tuingie dukani. Boksi linang'aa, lina picha ya gari jekundu.

"Bosi, hii ni bar mia mbili, inang'oa mpaka rangi."

"Lita ngapi kwa dakika?"

"Kumi."

"Na wati?"

"Elfu moja mia tano, haili umeme kabisa."

Piga hesabu palepale: 200 × 10 ÷ 600 ni kilowati 3.3. Mashine inakula 1.5 halafu eti inatoa 3.3. Muuzaji huenda hadanganyi kwa kukusudia, anasoma kilichoandikwa. Boksi hutaja presha ya juu kabisa ya siku bunduki ikiwa karibu kufungwa, na lita za juu kabisa za siku hakuna nozeli. Viwili hivyo havikutani hata siku moja.

Tafuta maandishi madogo kwenye kibao cha mashine yenyewe, siyo kwenye boksi. Hapo kuna presha ya kazi na lita za kazi. Mfano wa mashine inayosema kweli: bar 100, lita 7, wati 1,800. Hesabu inatoa kilowati 1.17 kwenye maji, na 1.8 ikiingia kutoka kwenye umeme inaeleweka.

Zile za betri zinazoshikwa mkononi nazo zipite kwenye hesabu hiyohiyo. Kifaa cha volti 12 chenye fyuzi ya ampea 15 hakiwezi kula zaidi ya wati 180. Kikijiita bar 100 kwa lita 5, kinadai wati zaidi ya 800 kwenye maji. Rudisha rafuni.

Utajua umefaulu: una pampu kwenye karatasi ambayo kilowati zake za maji ni ndogo kuliko kilowati zinazoingia.

## Hatua ya 4: Chagua chanzo cha nguvu

Betri ya gari. Inafaa kwa pampu ndogo ya volti 12 pekee, inayokula ampea 6 hadi 12. Usijaribu inveta na mashine ya wati 1,800. Gawa kwa volti 12 upate ampea 150, ongeza kinachopotea ndani ya inveta, zinafika kama 170. Alteneta nyingi za magari haya hutoa kati ya ampea 60 na 100. Betri ya N70 nayo inaishiwa kabla ya robo saa kuisha vizuri, na ikinyonywa hivyo kila siku haimalizi msimu.

Jenereta. Inawezekana, ila mota inapowaka huvuta zaidi ya wati zake za kawaida kwa sekunde chache. Kwa mashine ya wati 1,800 usishuke chini ya jenereta ya kVA 3. Weka kile kikata umeme cha miliampea 30 kati ya jenereta na mashine, kikaguliwe na fundi umeme. Unashika bunduki kwa mikono iliyolowa, umesimama kwenye dimbwi. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

Injini ya petroli moja kwa moja. Ndiyo nguvu ya uhakika kwa gari la kuzunguka. Lakini kuna jambo la huku kwetu ambalo kitabu cha mashine hakikuambii kwa herufi kubwa: urefu kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Arusha mjini iko kama mita 1,400, kwa hiyo injini yako imeshapoteza karibu asilimia 15 kabla hujavuta kamba. Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900, hasara yake ni karibu asilimia 9.

Kwa vitendo: mashine ya petroli ya bar 200 na lita 10 inataka kilowati 3.3 kwenye maji, karibu 3.9 kwenye shafti. Injini ya nguvu farasi 6.5 ni kilowati 4.8 ufukweni. Moshi zinabaki kama 4.4, unafanya kazi. Arusha zinabaki kama 4.1, unafanya kazi huku injini inalia. Ikishachoka kidogo, haifiki. Ndiyo maana mashine iliyokuwa nzuri Dar inaitwa mbovu ikifika Arusha.

Onyo: injini au jenereta isiwake ndani ya gari, hata milango yote ikiwa wazi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa ameketi. Tengeneza trei ya chuma ya kuvuta, mashine itoke nje ya mlango wa nyuma kabla ya kuwashwa. Mafundi wa kuchomelea wa Unga Limited wakionyeshwa mchoro wa mkono wanaielewa kazi hii. Petroli ongeza injini ikiwa imepoa.

## Hatua ya 5: Sasa chagua pampu

Pampu ndogo ya volti 12, ya utando. Ni ile yenye kichwa cha plastiki na swichi inayojizima ukifunga bunduki. Hutoa kati ya lita 4 na 20 kwa dakika, bar 3 hadi 7. Haina kelele, inakubalika hata asubuhi kwenye fleti. Kwa kirikuu inayohudumia saluni na bodaboda, hii na sabuni nzuri ya povu ni biashara kamili. Chagua inayoweza kuzunguka bila maji pasipo kuungua, na yenye bar 5 au zaidi. Waya ndio unaowaangusha wengi: kwa ampea 10 na umbali wa mita 5 kutoka kwenye betri, waya wa milimita za mraba 1.5 unakula zaidi ya volti nzima njiani, wa milimita 4 unakula chini ya nusu volti. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ikikaa karibu na pampu hailindi waya wowote.

Mashine ya presha ya umeme. Ndogo nyingi zimetengenezwa zifungwe kwenye bomba lenye msukumo, na zikiambiwa zivute zenyewe kwenye tangi hupata shida. Ukiitaka, pampu ndogo ya volti 12 iwe inailisha. Ulizia pia inaruhusiwa kufanya kazi dakika ngapi mfululizo. Za nyumbani hazikuzaliwa kwa kazi ya kutwa.

Pampu ya pistoni tatu ya mkanda. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndiyo ninayoipendekeza kwa Hiace inayoosha tope la kawaida la masika.

Ni pampu ileile ya kupulizia dawa mashambani, ya bar 20 hadi 40. Wakulima wa kahawa na nyanya wa Kilimanjaro na Arusha wanaitumia, kwa hiyo sili (mipira ya kuzuia kuvuja), valvu na mafundi wake wapo. Inavuta maji yenyewe. Ina mipira mitatu: wa kuvuta, wa kutoa, na wa kurudisha maji ya ziada tangini. Ukiachia bunduki, maji yanarudi tangini badala ya kuzunguka ndani na kuchemka kama kwenye mashine ndogo.

Namba zake, 22, 26, 30, kwa kawaida ni kipenyo cha pistoni kwa milimita. Kwa bunduki moja chukua 22. Kubwa zaidi haikuoshei haraka, inakuongezea uzito na kelele tu, maana maji yanayofika kwenye gari yanaamuliwa na tundu la nozeli.

Mwendo wake ni mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika, wakati injini inakwenda 3,000. Puli, yaani gurudumu la mkanda, ndiyo inayopunguza. Puli ya inchi 3 kwenye injini na ya inchi 10 kwenye pampu: 3,000 × 3 ÷ 10 ni 900. Ukiona mtu amefunga puli zinazolingana, pampu hiyo inakimbizwa mara tatu ya uwezo wake au zaidi na itakufa mapema. Puli mbili zikae kwenye mstari mmoja. Weka ubao ulionyooka juu yake uhakikishe. Kisha funika mkanda kwa wavu wa chuma. Shuka, kitenge au mkono wa ovaroli ukishikwa na mkanda ule, mtu anafuata.

Mashine ya petroli ya presha kubwa. Kwa chesisi na matrekta. Inafaa ukiwa na kazi hiyo ya kutosha na umeshafanya hesabu ya mwinuko hapo juu.

Usinunue kwa ajili ya kuoshea: pampu ya nyumbani ya nusu farasi, na ile ya petroli ya inchi 2 ya kumwagilia. Za kwanza zinaandikwa mita 35 au 40 za kupandisha maji, mtu anaona namba kubwa. Mita 10 ni bar 1 tu, kwa hiyo hizo ni bar 4, tena bomba likiwa limefungwa. Ya inchi 2 itamaliza tangi lako lote kabla hujalizunguka gari. Kazi yake ni kujazia tangi.

## Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya kulipa

Nenda na ndoo mbili na mpira wako wa kuvutia. Iombe pampu ivute maji kutoka kwenye ndoo iliyo chini, siyo bombani. Inatakiwa ishike maji ndani ya nusu dakika.

Jaza ndoo ya lita 20 kupitia bunduki na nozeli utakayotumia, ukipima muda. Ikijaa kwa dakika mbili, ni lita 10 kwa dakika, haijalishi boksi linasemaje.

Funga bunduki kwa sekunde thelathini. Pampu ya 12 inatakiwa inyamaze kabisa. Ikiwaka na kuzima yenyewe, maji yanavuja mahali. Ya mkanda iendelee kuzunguka bila kulemewa, maji yakitoka mpira wa kurudisha.

Angalia chini ya pistoni: tone la maji linavumilika siku ya kwanza, oili inayovuja haivumiliki. Kisha uliza swali la mwisho: seti ya sili na valvu iko wapi? Akisema ataagiza, nenda duka la pili. Nunua seti moja siku hiyohiyo.

## Hatua ya 7: Funga upande wa kuvuta

Pampu nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima. Kibovu ni hizi mita mbili za mpira kati ya tangi na pampu. Tundu la kuvujisha maji utaliona, tundu la kuvuta hewa hulioni: ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka, unavuta kwa nguvu zote na kinywani inafika nusu.

1. Pampu ikae chini ya tundu la tangi. Maji yaje yenyewe. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya pwani. Kule inaweza kusukuma maji hadi mita 10 na ushei kwa nadharia, hapa 8.7 hivi, na katika kazi ni pungufu sana ya hapo. Usiipe pampu kazi ya kupandisha.

2. Toboa tangi sentimita 4 au 5 juu ya sakafu yake. Mchanga na matope yatulie chini, yasiingie kwenye sili. Utapoteza lita chache usizoweza kuzitumia, ziache.

3. Fuata mpangilio huu: tangi, valvu, chujio, pampu. Valvu ikitangulia utasafisha chujio bila kumwaga tangi zima.

4. Mpira uwe mfupi na usipungue upana wa mdomo wa pampu. Kila kiwiko kinakula nguvu. Ukilazimika kupinda, pinda kwa duara kubwa.

5. Klipu mbili kila kiungo, vichwa vyake vikiangalia pande tofauti.

6. Mpira wa kurudisha uzame ndani ya maji, mbali na tundu la kuvutia. Ukimwagia juu unatengeneza povu, na povu ni hewa.

7. Mfuniko uwe na tundu dogo la kupumulia. Bila hilo tangi linajikunja mbavu na pampu inanyimwa maji, hasa tangi likiwa jipya na mfuniko unaobana.

Kuisaka hewa: washa pampu, paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kiungo kibovu kitalinyonya povu, na mlio wa pampu utabadilika papo hapo. Hapo ndipo pa kukaza.

Utajua umefaulu: kikombe cha chujio kimejaa maji maangavu yasiyo na mapovu, na mpira wa presha haurukiruki mkononi.

## Hatua ya 8: Nozeli

Presha inatengenezwa na nozeli. Pampu inaleta maji tu. Tundu kubwa, presha inashuka. Tundu dogo kuliko linalotakiwa, injini inalia na valvu ya kurudisha inafanya kazi kutwa. Nunua inayolingana na bar na lita ulizozipima kwa ndoo.

Kwenye mashine za presha kubwa, rangi zina maana: nyeupe hutawanya kwa nyuzi 40, kijani 25, njano 15, nyekundu 0, nyeusi ni ya sabuni. Rangi ya gari ioshwe kwa nyeupe, umbali wa sentimita 30 au zaidi. Nyekundu mimi naitoa kwenye seti kabisa, kwa sababu ipo siku msaidizi ataichomeka kwenye mlango wa mteja. Inachana tairi na inaingia kwenye ngozi ya mtu, na jeraha la namna hiyo ni la hospitali hata likionekana dogo.

Bodi za Land Cruiser za utalii zina paa linalofunguka na mipira mingi ya kuzuia vumbi. Usielekeze maji kwenye maungio hayo. Mteja hatagundua yadini, atagundua wageni wakilowa.

## Hatua ya 9: Siku ya majaribio

Jaza tangi, osha gari lako mwenyewe na la jirani, kwa muda wa kazi halisi. Kila baada ya dakika kumi shika mota, waya na fyuzi. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuushika waya kwa sekunde tano, ni mwembamba au kiungo kimelegea.

Ya mkanda: jaza oili hadi alama ya kioo, kaza kikombe cha grisi robo mzunguko kila baada ya saa kadhaa za kazi, na anza presha ikiwa imelegezwa ndipo uipandishe taratibu. Badilisha oili ya kwanza mapema, baada ya saa kumi za mwanzo hivi. Itatoka na vumbi la chuma, usishtuke.

Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, ushuke kama sentimita moja. Ukishuka zaidi utateleza na kunuka mpira. Ukigoma kushuka unaumiza beringi.

## Dalili na pa kuanzia

Bunduki inakatakata: hewa upande wa kuvuta, au chujio limejaa. Rudi hatua ya 7 kabla ya kugusa pampu.

Presha imeshuka kidogokidogo kwa wiki kadhaa: nozeli imelika. Badilisha hiyo kwanza, ni ya bei ndogo kuliko vyote.

Presha imeanguka ghafla: toa valvu moja moja, mara nyingi kuna punje ya mchanga chini yake.

Pampu ya 12 inawaka na kuzima haraka wakati bunduki iko wazi: nozeli ni ndogo kwa pampu hiyo, au swichi ya presha imewekwa chini.

Oili imegeuka rangi ya maziwa: maji yameingia ndani kupitia sili. Zima, usimalizie gari hilo.

## Maji machafu yanaenda wapi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na maji yenye oili hayatakiwi kuingia mtoni hata ukiwa wa kuhama. Themi, Naura, Ngarenaro, hata Karanga kule Moshi, zote zina watu wanaozitumia chini ya hapo ulipo. Osha kwenye changarawe au majani, mbali na mfereji. Chesisi yenye grisi nyingi ioshewe kwenye yadi yenye shimo la kutenganisha oili, na hilo uliseme kwa mteja kabla hujashusha trei.